Kamera ya rangi au ya mono kwa kupiga nebula: hesabu kwanza saa za mbingu safi

Mtu akishapata darubini ndogo na maunti inayofuata nyota, swali linalofuata huwa lilelile: achukue kamera ya rangi yenye filta ya bendi mbili (inayoachia vipande viwili vyembamba tu vya mwanga), au kamera ya mono (ya kijivu, isiyotenganisha rangi) yenye gurudumu la kubadilisha filta? Majibu mengi yanayozunguka yametoka kwa watu wa Arizona au Atacama, ambako usiku mzima bila wingu ni kitu cha kawaida. Kwa anayepigia Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, kigezo cha kwanza ni saa ngapi mfululizo mbingu inakuachia kabla wingu halijapanda kutoka baharini. Kwa kigezo hicho, mkazi wa pwani anayeanza tunamwelekeza kwenye rangi. Mono nayo ina wenyewe, na sababu zao ni nzito.

Ili tusilinganishe embe na nazi, tumechukua kamera mbili za tumbo moja: ASI533MC Pro ya rangi na ASI533MM Pro ya mono. Zote zina kihisi cha Sony IMX533, pikseli 3008 kwa 3008, kila pikseli maikromita 3.76, na kipoza cha umeme ndani. Darubini ni ya lenzi, urefu wa fokasi milimita 250, f/4.9 (urefu huo ukigawanywa kwa upana wa lenzi). Hapo kila pikseli inafunika sekunde za tao 3.1 (sekunde ya tao ni sehemu ya 3600 ya nyuzi moja) na fremu nzima nyuzi 2.6 kila upande. Shabaha ni M8, nebula (wingu la gesi angani) inayoitwa Lagoon, pamoja na jirani yake M20; zote mbili zinaenea kwenye fremu moja. Kutoka Dar M8 inapanda hadi nyuzi 72, na katikati ya Julai inakaa juu ya nyuzi 30 tangu giza linapokolea, kama saa 1:40 usiku, hadi saa tisa kasoro kidogo. Ni saa saba hivi, tena katika kipupwe. (Nebula ya Carina ni kubwa na inang'aa kuliko M8, lakini inafika juu jioni wakati wa masika. Wanaoitaka huivizia Juni, mapema, ikiwa imeshaanza kuinamia magharibi.)

Hesabu ya usiku wa saa sita

Nebula kama M8 hutoa mwanga wake mwingi kwenye mistari michache tu. Haidrojeni-alfa iko nanomita 656.3, oksijeni iliyopoteza elektroni mbili iko 500.7, na salfa ina mistari miwili, 671.6 na 673.1. Filta ya bendi nyembamba huachia mistari hiyo na kuzuia karibu kila kitu kingine, zikiwemo taa za barabarani.

Kihisi ni kilekile kwenye kamera zote mbili. Tofauti ni vigae vya rangi vilivyobandikwa juu ya pikseli za kamera ya rangi: katika kila pikseli nne, moja ni nyekundu, mbili kijani, moja bluu. Haidrojeni-alfa inaonwa na nyekundu peke yake, yaani robo ya pikseli. Oksijeni inaangukia mpakani mwa kijani na bluu, kwa hiyo robo tatu ya pikseli zinaiona, ingawa kila kigae kinakula sehemu yake.

Sasa chukua saa sita. Kamera ya rangi inapiga mistari yote miwili kwa pamoja usiku kucha: haidrojeni inapata saa 6 mara robo, sawa na 1.5, oksijeni inapata saa 6 mara robo tatu, sawa na 4.5. Kamera ya mono inagawa usiku nusu kwa nusu, ikitumia pikseli zote: 3 na 3. Jumla ni 6 kila upande. Ule usemi kwamba mono ina kasi mara nne hausimami hapa. Mono inapata haidrojeni maradufu. Kwenye oksijeni, ukikata kile kinacholiwa na vigae, kamera mbili zinakaribiana. Na oksijeni ndiyo dhaifu katika nebula nyingi, ndiyo inayoleta chenga (nukta za kelele) kwenye picha. Kamera inayoikusanya tangu dakika ya kwanza haidharauliki.

Mono inashinda waziwazi kwenye uchoraji wa haidrojeni. Kwa kamera ya rangi, haidrojeni inasomwa pikseli moja na kurukwa moja, kwa hiyo kwa darubini yetu ni kama kila nukta ina sekunde za tao 6.2 badala ya 3.1. Zile kamba nyembamba za vumbi jeusi katikati ya M8 zinavimba kidogo. Kusogeza fremu kati ya picha na kuzirundika (kuziunganisha ziwe picha moja) kwa mbinu ya drizo, inayotumia gridi ya nukta ndogo zaidi, kunarudisha sehemu ya ukali huo, ila si wote.

Salfa nayo ni ya mono zaidi. Zipo filta za bendi mbili za salfa na oksijeni kwa kamera za rangi, lakini utahitaji usiku mwingine kwa filta hiyo ya pili, na bado salfa itaonwa na robo tu ya pikseli.

Wingu likija saa tano

Umeanza saa 1:40, saa tano mbingu ikafunga. Umepata saa tatu na dakika ishirini. Kamera ya rangi imekuachia picha kamili: haidrojeni na oksijeni, zote kwa muda uleule. Mono iliyopangwa kumaliza haidrojeni kwanza imekuachia picha nzuri sana ya kijivu, na oksijeni sifuri.

Dawa yake ni kuzungusha filta kila baada ya fremu tano au sita. Gurudumu lenyewe linageuka kwa sekunde chache. Kinachokula muda ni fokasi. Filta za seti moja husemwa zina fokasi moja, lakini kwa f/4.9 tofauti ndogo ya unene inatosha kuvimbisha nyota. Kwa hiyo mota ya fokasi inakuwa karibu lazima, na kila badiliko linachukua dakika mbili tatu. Kwa rangi unaweka fokasi mara moja kwa barakoa ya Bahtinov (kifuniko chenye mianya kinachochora mistari kwenye nyota), kisha unairudia joto likishuka nyuzi mbili au tatu.

Kuna hasara nyingine ya usiku mfupi ambayo watu huigundua wakati wa kurundika. Ili programu itambue njia ya setilaiti au ndege na kuifuta, inahitaji fremu nyingi za kulinganisha, angalau 15 hadi 20 kwa kila filta. Ukibaki na fremu nane za oksijeni, mstari wa setilaiti unabaki kwenye picha yako.

Aliyeko Dodoma au Lodwar, ambako msimu mkavu ni mrefu na usiku safi unafuatana, hesabu hii haimbani. Vilevile aliye na paa la kudumu ambapo vifaa havifunguliwi: anakusanya haidrojeni leo, oksijeni kesho, salfa wiki ijayo, na programu kama N.I.N.A. inarudisha darubini kwenye fremu ileile kwa kutambua nyota. Hao wachukue mono bila kusita.

Mwezi

Hapa mono inajilipa. Mwanga wa mwezi unaotawanyika angani umeelemea upande wa bluu na kijani, kwa hiyo oksijeni inaumia mapema huku haidrojeni ikivumilia. Mwenye mono anapiga haidrojeni siku za mbalamwezi na kungoja mwezi uzame ndipo aweke filta ya oksijeni. Mwenye rangi anapata vyote kwa mkupuo mmoja, vizuri na vibaya: haidrojeni yake itakuwa safi, oksijeni itafunikwa na ukungu wa mwanga. Kwa filta ya nanomita 7, siku tano au sita kabla na baada ya mwezi mpevu ni afadhali uchague shabaha iliyo mbali na mwezi, la sivyo ulale.

Upana wa filta

Filta ya bendi mbili iliyozoeleka, kama Optolong L-eXtreme, ina upana wa nanomita 7. Filta za mono za siku hizi mara nyingi ni 3. Ukiwa katikati ya jiji lenye taa za LED, ambazo zinatoa mwanga mpana usio na mstari mmoja wa kuukata kama zile taa za njano za sodiamu, mwanga wa anga unaopenya ni kwa uwiano wa upana: 3 kwa 7. Kama mstari wenyewe unapita sawa, saa moja ya filta ya 3 inafanana na saa mbili na dakika ishirini za filta ya 7. Tofauti hii ina uzito kuliko vigae vya rangi, na ndiyo sababu picha za mono za mjini zinaonekana kuwaacha wengine mbali. Lakini zipo pia filta za bendi mbili za nanomita 3, kama L-Ultimate. Ukiishi mjini, fedha uliyotaka kuongeza ili uhamie mono iweke kwanza hapo. Tahadhari moja tu: kwa lenzi za kasi sana, chini ya f/3, mstari unahama kuelekea bluu na filta nyembamba inaanza kuukata. Kwa f/4.9 huna wasiwasi.

Filta yoyote ya bendi nyembamba inaua nebula za kuakisi. Ile bluu ya M20 ni vumbi linaloakisi nyota, halina mstari wa oksijeni. Kwa filta ya bendi mbili inatoweka. Kilimia nacho hivyohivyo: pazia lake la bluu linahitaji anga la giza na kamera bila filta, mfano nje huko Saadani, na hapo kamera ya rangi ni rahisi mno. Mono ingekudai filta nyingine tatu za nyekundu, kijani na bluu.

Milimita 55

Kifaa cha kunyoosha uwanja kilichoko nyuma ya darubini, kinachofanya nyota za pembeni ziwe kali kama za katikati, kinataka kihisi kikae milimita 55 nyuma yake. Kamera inachukua 17.5. Kwa mono, gurudumu linachukua 20, zinabaki 17.5 za viunganishi. Kwa rangi, droo ya filta ya milimita 21 na kiunganishi cha 16.5 zinakamilisha 55 bila kupima. Kisha ongeza theluthi ya unene wa filta: ya milimita 2 inasogeza fokasi nyuma kama 0.7, kwa hiyo lengo halisi ni 55.7. Pete nyembamba za plastiki ndizo za kumalizia. Nyota za pembeni zikitoka kama miale kutoka katikati, kihisi kiko karibu mno. Zikizunguka katikati kama duara, kiko mbali mno.

Flati (picha za uso ulioangazwa sawa, za kufuta vumbi na giza la kingo) kwa rangi ni seti moja ya fremu 25 au 30. Kwa mono ni seti kwa kila filta, kwa sababu kila filta ina vumbi lake. Ukiiba njia na kutumia flati za haidrojeni kwenye oksijeni, utapata vile viduara vyeusi vya vumbi visivyofutika, pengine na vyeupe kando yake.

Kwa kihisi hiki filta za inchi 1.25 zinatosha, maana ulalo wake ni milimita 16 tu. Ukipanda hadi kihisi kikubwa zaidi cha IMX571, cha ulalo wa milimita 28, utahitaji za milimita 36, na seti nzuri pamoja na gurudumu inaweza kukaribia bei ya kamera yenyewe.

Joto, umande, umeme

Haya hayachagui kamera, lakini yanaharibu picha za zote mbili. Kipoza kinashusha nyuzi 35 chini ya joto la nje, kwa kadiri ya juu. Usiku wa nyuzi 27, ukiagiza −10 kipoza kitakwama asilimia mia na joto litayumba, na fremu zako za giza (zinazopigwa lenzi ikiwa imefunikwa) hazitalingana na picha. Weka 0. Kipupwe, usiku wa nyuzi 22, −5 inawezekana. Chenga za joto hujirudufu kwa takriban kila nyuzi 6, na kwa kihisi hiki sifuri tayari ni chini vya kutosha.

Umande wa pwani unaanza kabla hujauona. Fungua fremu ya mwisho uilinganishe na ya kwanza: nyota zikiwa na utusitusi unaozizunguka, mandharinyuma yamepanda, na idadi ya nyota imeshuka, lenzi imeshalowa. Mkanda wa joto uwashwe tangu mwanzo, pamoja na kile kipashio kidogo cha kioo cha kamera.

Kipoza, maunti, mkanda na kompyuta ndogo kwa pamoja vinaweza kula ampea 5 za volti 12. Saa nane ni ampea-saa 40. Betri ya sola ya N100 inafaa, maana ya risasi haifai kuteremshwa chini ya nusu. Ya lithiamu ya 50 au 60 inafanya kazi hiyohiyo na kubebeka kwa mkono mmoja. Gurudumu na mota ya fokasi vinaongeza kidogo sana.

Muda wa fremu moja: ukiwa mjini, rangi na filta ya 7, sekunde 180, mono na filta ya 3, sekunde 300. Geini (ukuzaji wa ishara ndani ya kamera) iwe 100, ambapo chenga za kusoma, zile zinazoongezwa kila fremu inaposomwa, zinashuka hadi elektroni 1.5. Mandharinyuma yakifika elektroni 20 hadi 25 kwa fremu, kurefusha zaidi hakuna faida.

Kwenye kompyuta

Kwa Siril, ambayo ni ya bure, kazi ya rangi ina hati tayari: OSC_Extract_HaOIII. Weka picha, fremu za giza, flati na fremu za bayasi (za muda mfupi kabisa, lenzi imefunikwa) kwenye folda zake, nayo inakutolea mirundiko miwili, haidrojeni na oksijeni. Usitumie hati ya kawaida ya rangi kwa picha za bendi mbili. Inachanganya mistari kisha unahangaika kuitenganisha. Tena inajaza diski: fremu ghafi ni megabaiti 18, lakini ikigeuzwa rangi kamili ya biti 32 inakuwa 108. Fremu 120, mara hatua mbili, ni gigabaiti 26. Mono haina ubadilishaji huo, fremu inaishia megabaiti 36, na hapa ndipo mwenye kompyuta ya zamani anapumua. Ila atairudia kazi mara mbili au tatu, kila filta kivyake, halafu alinganishe mirundiko.

Baada ya hapo njia ni moja. Kata kingo. Ondoa mteremko wa mwanga kwa GraXpert, ukiweka nukta za sampuli kwa mkono; M8 ikijaza fremu, nukta za kujiweka zenyewe hukaa juu ya nebula na kuila kingo. Toa nyota kwa StarNet. Kisha vuta (ng'arisha sehemu hafifu za) kila mrundiko peke yake mpaka mandharinyuma yalingane. Oksijeni itadai kuvutwa zaidi, na hapo chenga zinajitokeza. Kuzifuta kwa nguvu kunaleta ule muonekano wa nta. Dawa ni kuongeza saa.

Unganisha: nyekundu iwe haidrojeni, bluu iwe oksijeni, kijani iwe oksijeni 0.8 na haidrojeni 0.2. Rangi za Hubble, zile zilizoenea baada ya picha ya nebula ya M16 ya 1995, zinaweka salfa kwenye nyekundu, haidrojeni kwenye kijani na oksijeni kwenye bluu. Ukiziunganisha bila kupunguza haidrojeni, kila kitu kinakuwa kijani cha mchicha; ianzishe kwa 0.6. Nyota zitatoka zambarau. Mwenye rangi anatoa filta, anapiga fremu 20 za sekunde 30, na nyota zake halisi zimepatikana. Mwenye mono anarudi kwenye zile filta tatu za ziada.

Kosa linalowapata wote, lakini linaiuma rangi zaidi: mrundiko wenye michirizi ya mshazari, kama mvua nyepesi. Maunti imekuwa ikiteleza kidogo upande mmoja usiku kucha, na kasoro za kihisi zikachora njia. Iagize programu isogeze fremu kila picha mbili au tatu, kwa zaidi ya pikseli tano za kamera kuu. Hakuna hatua ya baadaye inayoondoa michirizi hiyo kwa usafi.

Na DSLR iliyoko kabatini?

Kwa M42 ya Orion, ambayo inapita karibu utosini mwa Dar, inatosha kabisa kuanzia. Kwa M8 itakuonyesha kiini. Filta iliyoko mbele ya kihisi chake inaachia kama robo ya haidrojeni-alfa, pengine pungufu. Fundi anaweza kuitoa, na kamera ikaona nyekundu vizuri, lakini dhamana inakwisha na picha za harusi zitahitaji kurekebishwa rangi. Shida isiyotatulika ni joto: bila kipoza, kihisi kinapanda na kushuka na usiku, na fremu za giza ulizopiga saa mbili hazifanani na picha za saa saba.

Kamera yoyote utakayochukua, iangalie kwanza maunti. Ncha ya kusini ya anga, ambayo mhimili wa maunti lazima uielekee, iko nyuzi 6.8 tu juu ya upeo wa Dar, nyuma ya minazi na nyumba za watu, na Polarisi, nyota ya ncha ya kaskazini, haionekani kabisa. Ulinganishaji wa nukta tatu wa N.I.N.A., au ule wa anga lote wa ASIAIR (kompyuta ndogo ya kuendesha kamera na maunti), unafanya kazi bila kuiona ncha. Lakini maunti nyingi za ikweta haziinami chini ya nyuzi 10 au 15, na zinazoinama hugongesha fimbo ya uzito kwenye mguu wa tripodi. Muulize muuzaji skeli inaanzia nyuzi ngapi, na umwombe akutumie picha ikiwa imelazwa huko chini na uzito ukiwa umefungwa.